Bastola ya kukusanya ambayo haijawahi kufyatuliwa: uifyatue au uitunze?

Wadau, kuna swali linarudi kila mara kwa watu wanaopenda bastola za zamani. Umepata bastola nzuri, iko ndani ya boksi lake la kiwandani, makaratasi yapo, haijawahi kufyatuliwa tangu itoke kiwandani, sasa unafanya nini, unaenda nayo uwanja wa shabaha au unaifungia kwenye sefu? Wengine watakuambia bastola imetengenezwa ipige risasi, tena watakuona muoga kabisa ukiiacha ikae tu, na wengine watakuambia ukiifyatua mara moja umeshaiua. Wote wanaongea bila kuiona bastola yenyewe. Jibu linategemea ni bastola ipi, ina hali gani, ina nini pamoja nayo ndani ya boksi, na ile risasi ya kwanza itakugharimu kiasi gani, na hicho kiasi kinahesabika kabisa kabla hujavuta triga.

Mambo mawili ya haraka kwanza. Angalia leseni yako, maana kuna nchi ambazo leseni ya mkusanyaji inakuruhusu kumiliki tu na haikuruhusu kufyatua hata risasi moja, kwa hiyo kama ndio hali yako basi sheria imeshakuamulia, ruka uende moja kwa moja kwenye sehemu ya kutunza. La pili ni usalama: bastola kukaa ndani ya boksi miaka arobaini haimaanishi haina risasi. Toa magazini, vuta slaidi au fungua silinda, angalia chemba kwa macho yako mwenyewe, na mdomo wa mtutu uelekee pasipo na mtu hata kama unajua iko tupu. Ukishafanya hivyo ndio uanze kuichunguza.

Je, kweli haijafyatuliwa?

Hapa ndipo watu wengi wanaingizwa mjini. Karibu kila bastola ya kiwanda cha maana imeshafyatuliwa kabla haijamfikia mteja wa kwanza. Kiwanda kinaijaribu, na Ulaya kuna nyumba rasmi za majaribio kama zile za London, Birmingham na Liège ambako silaha hupigwa kwa risasi maalum yenye presha kubwa kuliko ya kawaida halafu inagongwa muhuri. Kwa hiyo tunaposema "haijafyatuliwa" tunamaanisha haijafyatuliwa tangu itoke kiwandani, na ukikuta masizi kidogo sana ndani ya mtutu usipige kelele kwamba umetapeliwa. Hata zile bastola za Marekani za mwanzoni mwa miaka ya 2000 nyingi zinakuja na bahasha ndogo yenye ganda la risasi lililofyatuliwa kiwandani, sababu Maryland na New York ziliweka sheria za kutaka hayo maganda wakati ule. Hiyo bahasha usiitupe, ni sehemu ya seti.

Sasa unaangaliaje. Chukua tochi kali na kioo kidogo cha kukuzia. Kama ni rivolva, tazama uso wa mbele wa silinda, pale kwenye midomo ya matundu. Risasi inapotoka inaacha pete nyeusi kuzunguka kila tundu. Pete hafifu kwenye matundu mawili matatu huku mengine yako safi, hiyo inaendana na majaribio ya kiwanda. Pete nzito kwenye matundu yote sita, pamoja na alama ya kuungua chini ya ule ubao wa juu wa fremu pale juu ya pengo la silinda na mtutu, pamoja na rangi ya shaba kuzunguka kitundu cha ile pini inayogonga risasi kule nyuma, hiyo imepigwa na imepigwa sana tu. Kwa bastola ya slaidi angalia uso wa slaidi unaokutana na kitako cha risasi, angalia ule mteremko unaopandisha risasi kuingia chemba, halafu angalia mgongo wa mtutu pale unapojifungia kwenye slaidi, hapo ndipo rangi inaanza kuisha kabla ya kwingine kokote.

Mstari wa silinda ni habari nyingine na watu wanauchanganya. Ule mstari unaozunguka tumbo la silinda unatokana na kile kipande cha chuma kinachoifunga silinda kikisugua wakati inazunguka, kwa hiyo mtu anaweza kuzungusha silinda mezani kwake mwaka mzima bila kupiga risasi hata moja na mstari ukatokea vizuri tu. Mstari hauthibitishi kufyatuliwa. Lakini kwa wakusanyaji wa daraja la juu mstari una bei yake pia, wao wanataka "haijafyatuliwa na haijazungushwa", na ndio maana baadhi ya bastola za kumbukumbu zinakuja na kamba ya plastiki imefunga nyundo au silinda. Kamba kama bado ipo usiikate kwa sababu tu umepata hamu ya kusikia nyundo inavyolia. Na kama una rivolva ya Colt Single Action Army, usishushe nyundo kutoka kwenye nusu-mvuto, ivute mpaka mwisho kwanza ndipo uishushe taratibu, vinginevyo kile chuma kinakwaruza silinda mahali pasipotakiwa na mstari unabaki pale milele.

Kingine, masizi yanafutika. Kwenye chuma cha pua mtu anapitisha kile kitambaa chenye dawa, dakika kumi pete zote zimepotea, halafu anaiuza kama haijaguswa, na hakuna mtu duniani atakayeweza kuthibitisha vinginevyo. Kwa hiyo maneno ya muuzaji peke yake hayana uzito. Kinacholeta uzito ni boksi lenye seriali namba inayolingana na bastola, kitabu cha maelezo, vifaa vyake vidogo, risiti ya kwanza kama ipo, na barua ya kumbukumbu kutoka kwa wenye rekodi. Colt wana idara ya kumbukumbu inayotoa barua, Smith & Wesson nao kuna Historical Foundation yao. Barua inakuambia bastola ilitoka kiwandani tarehe ipi, ikaenda kwa nani, na ilikuwa na urefu gani wa mtutu na rangi gani. Haikuambii kama imefyatuliwa, ila inakuambia kama rangi iliyopo ni ile ya kuzaliwa nayo, na hilo ni kubwa kuliko watu wanavyodhani, maana bastola iliyopakwa rangi upya hata ingekuwa haijapigwa thamani yake ya ukusanyaji imeshaondoka.

Hesabu ya risasi ya kwanza

Hii ndiyo sehemu ninayoomba usiiruke. Tafuta bei zilizouzwa kweli, yaani matokeo ya minada, achana na bei anazoandika muuzaji akitarajia muujiza. Tafuta modeli ileile, kipindi kilekile cha utengenezaji, urefu uleule wa mtutu, rangi ileile, sababu tofauti ya inchi mbili za mtutu au nikeli badala ya bluu (ile rangi ya bluu-nyeusi ya chuma) inaweza kubadilisha bei kabisa. Kusanya mafungu mawili: zile mpya ndani ya boksi zisizofyatuliwa, na zile zilizotumika kidogo zenye rangi ya asili iliyobaki kama 98%. Toa la pili kwenye la kwanza. Jibu ulilopata ndio bei ya risasi yako ya kwanza, na risasi ya pili mpaka ya mia mbili ni karibu bure ukilinganisha.

Ukishaipata hiyo namba jiulize swali moja tu: kwa hiyo pesa naweza kununua bastola nyingine ya aina hiihii iliyokwisha tumika, nikaipiga mpaka nichoke? Kama jibu ni ndiyo, au hata inakaribia, basi tunza hii na ununue ile. Hapo huna cha kubishana na mtu. Kama tofauti ni ndogo kiasi kwamba hainunui hata boksi kadhaa za risasi, ifyatue tu ufurahi.

Mfano mzuri ni rivolva ya Colt Python. Ilitoka 1955, ikasimama katikati ya miaka ya 2000, na zile za zamani zenye ile bluu nzito ya kung'aa watu wanazigombania. Lakini Colt waliirudisha Python mwaka 2020, imara, ina chuma kizuri na spea zinapatikana. Ukitaka kujua Python inajisikiaje mkononi chukua mpya upige. Ile ya miaka ya 1960 ndani ya boksi lake iache, tena usisahau zile Python za zamani mashine yake ya ndani inahitaji fundi anayeijua hasa, ikianza kuchelewa kufunga silinda sio kila fundi bunduki anaweza kuirudisha sawa, na hao wanaojua wanazidi kupungua. Browning Hi-Power, bastola ya slaidi, vilevile, ilianza 1935, ikaacha kutengenezwa, halafu 2022 FN, kiwanda cha Ubelgiji, wakatoa toleo jipya. Pale ambapo mpya ipo sokoni sababu ya kuifyatua ya zamani isiyoguswa inakuwa ndogo mno.

Kuna nyingine wala usihesabu. Singer, wale wa vyerehani, walitengeneza bastola za 1911A1 (ile ya slaidi ya jeshi la Marekani) mia tano tu kwa mkataba wa jeshi la Marekani mwaka 1941. Kitu kama hicho kikiwa kizima hakuna mazungumzo, hakifyatuliwi, na anayekuambia "bastola ni ya kupiga" mwache apige ya kwake.

Kinyume chake kuna bastola za kumbukumbu, zile za dhahabu dhahabu na maandishi ubavuni ndani ya kasha la mbao. Colt walianza kuzitoa 1961 na miaka iliyofuata zikatoka nyingi sana, na karibu kila aliyenunua alinunua kwa nia ya kuhifadhi, kwa hiyo zisizofyatuliwa zimejaa. Thamani yake yote imekaa kwenye kule kutoguswa, ikifyatuliwa inashuka vibaya na kubaki na bei ya bastola ya kawaida, wakati mwingine chini yake kwa sababu wapigaji wengi hawataki lile pambo. Maoni yangu ni haya: ukirithi ya kumbukumbu nzima, iache nzima. Ukikuta mtu anauza ambayo tayari imefyatuliwa na boksi limepotea, nunua, maana chuma chake ni kilekile cha Colt na unakipata kwa bei nzuri.

Halafu kuna kundi kubwa ambalo watu wanalipa heshima lisiyostahili. Bastola inayotengenezwa mpaka leo, ya polima, au toleo "maalum" ambalo umaalum wake ni rangi ya vibao vya mpini na nembo. Kuiweka miaka ishirini ukitegemea itapanda ni kujinyima raha bila malipo, nenda kapige. Ni kweli hakuna anayejua kwa uhakika kitakachopendwa kesho, ila bastola inayotoka kwa mamia ya maelfu ina safari ndefu mno kabla ya kuwa adimu.

Na kuna zile ambazo zimeshapoteza hadhi kabla hazijafika kwako. Haijafyatuliwa, sawa, lakini ina kutu ya vitone vitone chini ya mpini, skrubu zimeliwa na bisibisi ya mtu asiye na subira, boksi halipo, au mtu alichonga jina lake kwenye fremu. Soko halitakulipa kwa huo ubikira. Ukiipiga hupotezi kitu, na binafsi naona hizi ndizo bastola zenye raha kuliko zote kwa mpigaji, unapata mashine ambayo ndani ni mpya kabisa.

Urithi una hesabu yake ambayo haipo kwenye mnada. Kama ni ya baba au babu na huiuzi kamwe, ile tofauti ya bei ni namba ya kwenye karatasi tu. Kaeni kama familia mwamue, mkitaka kuipiga siku moja wote kwa pamoja halafu mkaisafisha na kuirudisha, ni haki yenu. Ila waulizeni na wadogo, wale watakaobaki nayo.

Hata ukitaka kuifyatua, je, inafaa?

Kuna bastola ambazo swali la thamani halijafika, kwanza ni swali la mkono na macho yako. Colt Single Action Army ilianza 1873 enzi za baruti nyeusi, na Colt walikuja kuidhamini kwa baruti isiyo na moshi mwaka 1900. Zilizotangulia chuma chake hakikuandaliwa kwa presha za risasi za sasa. Watu wanatumia ile skrubu ya mbele inayoshika pini ya silinda kama kipimo, kwamba ikiwa na kile kitufe cha pembeni badala ya skrubu basi ni salama, lakini kile kitufe kilianza kuonekana miaka kadhaa kabla ya 1900, kwa hiyo usitegemee hicho peke yake, tafuta mwaka wa bastola kwa seriali namba.

Kuna na mtego wa risasi aina ya .38 Super. Colt waliitoa 1929 kwa kutumia ganda lenye vipimo vilevile vya risasi ya zamani ya .38 ACP, wakaongeza nguvu. Maana yake risasi ya Super inaingia vizuri kabisa kwenye Colt za mwanzoni mwa karne ya 20 ambazo hazikutengenezwa kuibeba, na huko inaweza kuiharibu bastola na kukujeruhi. Soma kilichoandikwa kwenye slaidi na kwenye boksi la risasi, vyote viwili, kila mara.

Luger nayo, P08 iliyoingia jeshi la Ujerumani 1908, tatizo lake ni namba. Vipande vyake vingi, hata vidogo, vimegongwa namba za kulingana na fremu. Kile kikucha cha kutolea ganda kikivunjika utapata kingine cha kuweka na bastola itafanya kazi, lakini haitakuwa tena Luger ya namba zote kulingana, na hiyo ndiyo iliyokuwa imebeba bei. Kwa hiyo Luger ya namba kamili hata kama imeshafyatuliwa zamani, mimi nasema iache. Ukishindwa kabisa kujizuia, badilisha vipande vinavyovunjika uweke vya kisasa, magazini pia uweke ya kisasa, vya asili vikae kwenye mfuko wenye maandishi.

Na Smith & Wesson za fremu ya K (ya ukubwa wa kati) zinazopiga risasi kali ya .357, kama Model 19, zina sehemu nyembamba chini ya kitako cha mtutu pale risasi inapoingia, na risasi kali za greni 125 (huo ni uzito wa kichwa cha risasi) zinajulikana kupasua hapo. Mitutu ya asili ya kubadilishia sio rahisi kuipata. Piga .38 Special, ambayo ni ya nguvu ndogo zaidi, au .357 nzito ya mwendo wa wastani utakuwa salama.

Ukiamua kuitunza

Kutunza ni kazi, usidhani ni kuitupia kwenye sefu na kusahau. Adui wa kwanza ni unyevu na wa pili ni vidole vyako. Jasho lina chumvi, na alama ya kidole kwenye bluu inaweza kuanza kutu ndani ya muda mfupi kama hali ya hewa ni ya joto na unyevu, kwa hiyo vaa glovu kila ukiishika na mgeni anayetaka kuishika naye avae, hata kama ni rafiki yako wa damu. Lenga unyevu wa hewa kama 45 mpaka 50%. Kipima unyevu cha kawaida kinatosha, kiweke ndani ya sefu, sio ukutani sebuleni. Sefu nyingi zinazokinga moto zina jipsamu ndani ya kuta na jipsamu inashika maji, kwa hiyo sefu iliyofungwa vizuri inaweza kuwa na unyevu kuliko chumba chenyewe, weka vifuko vya silika au kile kifimbo cha umeme cha kupasha joto.

Usiiache ndani ya ala ya ngozi. Ngozi inashika unyevu na ina kemikali zilizobaki za kiwandani, nimeona bluu safi ikiliwa kwa umbo lilelile la ala. Makasha yenye sponji ndani nayo hivyohivyo, ni ya kusafirishia, sio ya kukalia. Hata boksi la asili la karatasi linaweza kuwa tatizo, linavuta unyevu na karatasi za zamani nyingi zina asidi, kwa hiyo ninavyofanya ni bastola inakaa kwenye mfuko wa kuzuia kutu, boksi na makaratasi yanakaa pembeni yamefungwa kwenye karatasi isiyo na asidi, vyote rafu moja. Boksi lina thamani yake lenyewe na watu wanatengeneza ya kughushi, kwa hiyo litunze kama unavyotunza bastola.

Juu ya chuma paka mafuta mepesi ya kuzuia kutu, tabaka jembamba, au nta ya Renaissance ambayo ilitengenezwa British Museum miaka ya 1950 kwa ajili ya vitu vya makumbusho, inakauka haraka na haivuti vumbi. WD-40 sio ya kuhifadhia miaka, inafaa kufukuza maji basi. Mafuta yasiingie kwenye vibao vya mbao, yanavifanya vyeusi na kulainika. Pembe za ndovu zikikaa pakavu sana zinapasuka, kwa hiyo hapo ukavu uliokithiri nao ni adui.

Mambo ya kusafisha: kile kitambaa cha dawa kinachofuta masizi kwenye chuma cha pua kitakula bluu yako, usikipitishe kabisa kwenye bastola ya bluu. Dawa zenye amonia weka mbali na nikeli, maana nikeli mara nyingi imepakwa juu ya shaba na amonia ikipenya kwenye ufa inaila shaba na ganda la juu linabanduka. Usifungue bamba la ubavuni ili "kuangalia tu kama ndani pako sawa", skrubu iliyoharibika ni jambo la kwanza mnunuzi mzoefu anatazama, na ukilazimika basi tumia bisibisi yenye ncha iliyochongwa kutoshea mfereji kamili.

Watu wanaulizia springi. Springi haichoki kwa kukaa, inachoka kwa kufanya kazi, kwa hiyo hakuna haja ya kuichezea kila mwezi eti ipate mazoezi. Kuvutavuta triga bila risasi pia achana nako, hasa kwenye bastola za risasi ndogo ya .22 ambapo pini inagonga ukingo wa chemba yenyewe na kuuacha na kovu. Itoe kila baada ya miezi michache, iangalie na tochi, ifute, irudishe. Piga picha kila upande pamoja na seriali namba, na upate bima yenye thamani mliyokubaliana, maana bima ya kawaida ya vitu vya nyumbani mara nyingi ina kikomo kidogo kwenye silaha.

Ukiamua kuifyatua

Piga picha kwanza, nyingi, kwenye mwanga mzuri, ili rekodi ya ilivyokuwa ibaki. Halafu usitoke nayo kwenye boksi moja kwa moja mpaka uwanjani. Bastola iliyokaa miongo ina grisi iliyoganda kama gundi ndani, na grisi nyingi ndani ya mtutu au chemba ni hatari risasi ikipita, kwa hiyo safisha mtutu na chemba mpaka pakauke, hakikisha mtutu uko wazi kwa kuangalia mwanga upande wa pili, weka mafuta mapya kidogo panaposuguana. Kama hujui ndani ikoje mpe fundi bunduki anayeijua modeli hiyo aikague, na umwambie wazi asing'arishe wala kugusa rangi.

Toa vibao vya asili vya mpini uweke vya bei rahisi. Kama ni ya slaidi, toa ile springi kubwa ya asili uweke mpya ya nguvu ileile, na tumia magazini nyingine. Vya asili vyote kwenye mfuko, andika, rudisha kwenye boksi. Ala usitumie, mdomo wa mtutu na kingo za silinda ndizo zinazopauka kwanza kwa sababu ya kuchomolewa na kurudishwa kwenye ala, kuliko hata kwa sababu ya kufyatua. Usifunge silinda ya rivolva kwa kuirusha kwa mkono mmoja, unapinda kile chuma kinachoishikilia silinda, na slaidi ya 1911 usiiachie ijipige yenyewe wakati chemba ni tupu.

Risasi chagua mpya ya kiwanda, ya nguvu ya wastani. Risasi za kijeshi za zamani ziepuke kabisa hata zikiwa bei rahisi, nyingi zina fataki (kile kidude cha kitako kinachowasha baruti) zenye klorati, na mabaki yake ni chumvi inayovuta maji kutoka hewani, mtutu unaweza kuota kutu usiku huohuo. Mafuta peke yake hayaondoi hiyo chumvi, inataka kuoshwa kwa dawa ya maji kwanza, halafu kukaushwa, halafu mafuta. Ukipiga .38 Special kwenye rivolva ya .357 jua kwamba ganda ni fupi na linaacha pete ya masizi ndani ya kila tundu, usipoisugua ikatoka siku ukirudi kwenye .357 maganda yatakwama.

Anza na risasi moja. Tazama ganda lililotoka, fataki iko sawa au imebonyea vibaya na kutoboka, ganda lina ufa au limevimba upande mmoja, silinda ilifunga sawasawa kwenye kila tundu. Ukiona chochote cha ajabu simama hapohapo, usijaribu ya pili ili kuhakikisha. Zikienda vizuri piga kiasi chako, safisha siku hiyohiyo kabla hujala, na uandike kwenye karatasi ndani ya boksi tarehe, aina ya risasi na idadi yake, ili atakayeinunua au kuirithi aambiwe imefyatuliwa mara ngapi na kwa risasi gani.